Reli Mbili za Mtito Andei: Maelezo Kuhusu Kusasisha Kiini cha Programu Dhibiti Huria

Utangulizi

Mtito Andei ni mji mdogo wa Kaunti ya Makueni, ulioko karibu nusu ya safari ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa. Jina lake ni la Kikamba, na aghalabu hufasiriwa kuwa msitu wa tumbusi. Wasafiri wengi huufahamu kama mahali pa kunyoosha miguu, kunywa chai na kuendelea na safari. Wengine huufahamu kwa lango la Mbuga ya Tsavo Magharibi. Lakini mji huu una jambo jingine linalostahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa lugha na teknolojia, nalo ni reli zake mbili. Reli ya kwanza ni ile iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Upana kati ya vyuma vyake ni milimita 1,000. Reli ya pili ilizinduliwa mwaka 2017, na upana wake ni milimita 1,435. Zote mbili zinapita Mtito Andei, zote mbili zinaunganisha miji ile ile, lakini behewa lililoundwa kwa reli moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Tofauti ni milimita 435 tu, na inatosha kulizuia behewa zima.

Makala haya yanaeleza jambo linalofanana mno na hilo, ingawa linatendeka ndani ya vifaa vidogo visivyopiga honi wala kutoa moshi. Jambo lenyewe ni kusasisha kiini cha mfumo wa uendeshaji katika programu dhibiti huria zinazotumika kwenye bodi pachikwa. Hoja kuu ni kwamba kusasisha kiini si kuondoa kitu cha kale na kuweka kipya mahali pake. Ni kuhakikisha kwamba kila kilichotegemea kiini cha kale kinalingana na kiini kipya. Kutoelewa jambo hili ndiko kunakoua vifaa vingi mikononi mwa mafundi, na sehemu ya kutoelewa huko inatokana na upungufu wa maelezo katika lugha ambayo fundi huyo anaitumia kila siku, yaani Kiswahili.

Bodi pachikwa na programu dhibiti

Watu wengi wanapolisikia neno tarakilishi huwaza juu ya kiwambo, kibodi na kipanya. Hata hivyo, idadi kubwa ya tarakilishi zilizopo duniani hazina viungo hivyo. Zimepachikwa ndani ya vifaa vingine: ndani ya mita ya umeme, ndani ya mashine ya kupima shinikizo la damu, ndani ya ruta inayogawa mawasiliano ya intaneti. Bodi pachikwa ni kipande hicho cha tarakilishi kilichofichwa ndani ya kifaa chenye kazi maalumu.

Ukambani kuna mfano unaoonyesha jinsi bodi ndogo inavyoweza kubeba jambo kubwa. Katika eneo la Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo ndani ya mikono ya pampu za maji kuanzia mwaka 2013. Kifaa kilihesabu mwendo wa mkono wa pampu na kupeleka habari kwa mtandao wa simu, hata pampu ilipoharibika ikajulikana mapema. Taarifa za utafiti huo zilionyesha kwamba muda wa wastani wa kungoja pampu itengenezwe ulipungua kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Mfano huu wa pampu hauhusu programu huria moja kwa moja, bali unaonyesha uzito wa suala lenyewe. Bodi inapokufa, kinachokatika si mawasiliano pekee. Maji, dawa na masomo navyo huweza kukatika.

Programu inayokaa ndani ya bodi pachikwa na kuiendesha tangu inapowashwa huitwa programu dhibiti. Mara nyingi huandikwa na kampuni iliyotengeneza kifaa, na mnunuzi haruhusiwi kuona msimbo wake. Kampuni ikiacha kuishughulikia, kifaa hubaki na dosari zake hadi kitakapotupwa. Programu dhibiti huria ni kinyume chake: msimbo wake uko wazi, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa.

Programu dhibiti huria iliyo mashuhuri zaidi kwa ruta ni OpenWrt. Chimbuko lake ni ruta iliyoitwa WRT54G, iliyouzwa na kampuni ya Linksys kuanzia mwishoni mwa mwaka 2002. Ilibainika kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, ambayo leseni yake inamlazimu anayeisambaza autoe msimbo pia. Mwaka 2003 msimbo huo ulitolewa hadharani, na mwaka 2004 watu wa kujitolea wakaanzisha OpenWrt juu ya msingi huo. Tangu hapo mradi umepanuka na kuhudumia mamia ya aina za bodi, nyingi zikiwa za kampuni zisizohusika kabisa na mradi wenyewe.

Kiini ni nini?

Mfumo wa uendeshaji una tabaka. Tabaka la nje ni programu tumizi, zile ambazo mtumiaji hukutana nazo. Tabaka la ndani kabisa ni kiini. Kiini ndicho pekee kinachozungumza na maunzi moja kwa moja. Kinagawa kumbukumbu kwa programu, kinaamua ni programu ipi itumie kichakato kwa wakati gani, kinapokea data kutoka kwenye redio ya mawasiliano yasiyotumia waya, na kinasoma na kuandika kwenye hifadhi. Programu tumizi haiwashi hata taa moja ya ruta bila kukiomba kiini.

Kiini cha Linux kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Hadi leo kinaendelea kuandikwa na maelfu ya watu. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Baadhi ya matoleo huteuliwa kuwa ya muda mrefu, yaani huendelea kuzibwa dosari kwa miaka kadhaa bila kuongezewa mambo mapya. OpenWrt huchagua matoleo hayo ya muda mrefu. Toleo lake la 19.07 lilitumia kiini 4.14, toleo la 21.02 lilitumia 5.4, la 22.03 lilitumia 5.10; la 23.05 lilitumia 5.15, na la 24.10, lililotoka Februari 2025, lilitumia 6.6.

Mfuatano huu una maana kubwa kwa mwenye kifaa. Kiini 4.14 kiliacha kupokea marekebisho Januari 2024. Ruta inayoendelea kutumia OpenWrt 19.07 inafanya kazi kama kawaida, taa zake zinawaka na intaneti inapita, lakini dosari yoyote inayogunduliwa leo ndani ya kiini chake haizibwi na mtu yeyote.

Kwa nini kiini kisasishwe?

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Oktoba 2016 ilitangazwa dosari iliyoitwa Dirty COW, iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida wa mfumo kujitwalia mamlaka yote. Dosari hiyo ilikuwa imekaa ndani ya kiini cha Linux tangu mwaka 2007. Kwa miaka tisa ufa ulikuwepo ukutani na msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu. Kuwa wazi kwa msimbo hakuzuii dosari kuwepo. Faida yake ni kwamba ikishaonekana, yeyote anaweza kuiziba, na mwenye kifaa hangoji hisani ya kampuni.

Mfano wa pili ni wa Oktoba 2022. Ziligunduliwa dosari kadhaa katika sehemu ya kiini inayoshughulikia mawasiliano yasiyotumia waya. Mshambulizi aliyekuwa karibu angeweza kurusha mawimbi yaliyotungwa kwa hila na kukivuruga kifaa bila kujua nywila ya mtandao. Mradi wa OpenWrt ulitoa matoleo ya 22.03.2 na 21.02.5 mwezi huo huo ili kuziba dosari hizo.

Hata hivyo, mfano huu una upande wa pili ambao mara nyingi husahauliwa. Dosari hizo hazikuwa za kale. Baadhi yake zilikuwa zimeingia pamoja na kiini 5.1 cha mwaka 2019. Kwa hiyo kiini kipya hakina utakatifu wowote kwa sababu ya upya wake. Kila msimbo mpya huja na uwezekano wa makosa mapya. Sababu ya kusasisha ni kwamba kiini kilicho ndani ya muda wake wa kutunzwa kina watu wanaokiangalia na kukiziba, ilhali kilichoachwa hakina. Linalotafutwa ni utunzaji.

Kazi ya kusasisha inavyofanywa

Kazi hii ina ngazi mbili. Ya kwanza ni kusogea ndani ya toleo moja la muda mrefu, kwa mfano kutoka 6.6 yenye marekebisho machache hadi 6.6 yenye marekebisho mengi zaidi. Ya pili ni kuhama kutoka toleo moja la muda mrefu hadi jingine, kwa mfano kutoka 5.15 hadi 6.6. Ngazi ya kwanza hufanyika mara kwa mara na huweza kukamilika kwa siku chache. Ngazi ya pili huchukua miezi, na wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Ili kuelewa sababu, ni lazima ifahamike kwamba OpenWrt haitumii kiini cha Linux kama kilivyo. Inakibandika viraka. Kiraka ni faili fupi inayosema: katika faili fulani, ondoa mistari hii na uweke hii. Viraka vya pamoja hupangwa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la marekebisho yaliyokwisha kukubaliwa katika viini vipya, yakachukuliwa na kurudishwa kwenye kiini cha zamani. Kundi la pili ni la marekebisho yanayosubiri kukubaliwa na watunzaji wa kiini chenyewe. Kundi la tatu ni la marekebisho ambayo hayatarajiwi kukubaliwa kamwe, kwa kuwa ni ya kulazimisha mambo kwa ajili ya bodi fulani. Juu ya hayo, kila familia ya bodi ina viraka vyake.

Mtunzaji anapotaka kusogea ndani ya toleo moja, hubadilisha namba ya toleo na alama ya kuthibitisha kwamba faili iliyopakuliwa ni halisi. Kisha hubandika viraka vyote upya, kimoja baada ya kingine. Kiraka kilichokuwa kikilenga mstari wa 210 huenda sasa kikapaswa kulenga mstari wa 214, kwa sababu mistari minne imeongezwa juu yake. Kiraka kingine kitakataa kabisa kwa sababu marekebisho yake yamekwisha kuingizwa ndani ya kiini. Hicho hufutwa, na kufutwa kwake ni habari njema. Baada ya hapo msimbo hugeuzwa kuwa lugha ya mashine na kujaribiwa kwenye bodi halisi.

Kuhama kutoka toleo moja la muda mrefu hadi jingine huanza kwa kunakili viraka vyote na mipangilio yote kwenye mkusanyiko mpya wenye namba ya kiini kipya. Viraka vingi vitakataa, kwa kuwa sehemu za kiini zimepangwa upya, majina ya amri za ndani yamebadilishwa, au sehemu nzima zimeondolewa. Kila kukataa huhitaji mtu anayeelewa kiraka kilikusudia nini hapo mwanzo. Kiini kipya kwanza huwekwa kama chaguo la majaribio kwa familia moja ya bodi. Wenye bodi hizo hukijaribu na kuleta taarifa. Kinapothibitika, ndipo kinapofanywa kuwa chaguo la kawaida. Familia ya bodi isiyopata mtu wa kuijaribu huachwa nyuma, na hatimaye huondolewa. Kwa njia hiyo bodi huishi au kufa kutegemea kama kuna mtu aliyeijaribu.

Abiria na behewa

Sasa turejee kwenye reli. Abiria aweza kupanda gari la moshi la reli ya upana wowote kati ya hizo mbili bila kubadilishwa umbo. Behewa haliwezi. Ndivyo ilivyo katika Linux. Watunzaji wa kiini wametoa ahadi ya nje: programu tumizi iliyofanya kazi juu ya kiini cha jana ifanye kazi juu ya kiini cha leo. Programu tumizi ni abiria. Lakini hawakutoa ahadi ya ndani. Viendeshaji na moduli, yaani vipande vya msimbo vinavyoingia ndani ya kiini ili kiweze kutumia redio, modemu au kifaa cha hifadhi, vinaweza kuhitaji kubadilishwa kila toleo. Moduli ni behewa.

Kwa sababu hiyo moduli ya OpenWrt hufungwa kwa kiini kimoja mahususi. Hailinganishwi namba ya toleo pekee; hulinganishwa pia alama inayotokana na mipangilio iliyotumiwa wakati wa kukitengeneza kiini. Viini viwili vyenye namba ile ile lakini mipangilio tofauti havibadilishani moduli. Fundi anayejaribu kuingiza moduli ya modemu kutoka toleo jingine hukataliwa na mfumo, naye aghalabu hudhani kwamba mfumo umeharibika. Haujaharibika. Umelizuia behewa lisiingie kwenye reli isiyolitosha.

Hii pia ndiyo sababu kiini cha OpenWrt hakisasishwi peke yake, kama programu moja inavyosasishwa kwenye simu. Hubadilishwa kwa kuandika upya taswira nzima ya programu dhibiti: kiini, moduli zake na programu za msingi kwa pamoja. Kinachobakizwa, ikiwezekana, ni mipangilio ya mtumiaji.

Vizuizi vitatu

Kizuizi cha kwanza ni nafasi. Kiini hunenepa kadiri miaka inavyopita. Ruta ndogo kama TP-Link TL-MR3020 ya toleo la kwanza, iliyopendwa kwa kuwa iliweza kuchomekewa modemu ya simu, ina hifadhi ya megabaiti 4 na kumbukumbu ya megabaiti 32. Zamani kiasi hicho kilitosha. OpenWrt 19.07 ilikuwa toleo rasmi la mwisho kwa vifaa vya kipimo hicho. Kwenye vifaa vingine hifadhi kwa jumla ni kubwa, lakini mtengenezaji alikitengea kiini sehemu ya megabaiti 2 au 3 tu, na kiini kipya hakiingii humo.

Kizuizi cha pili ni maelezo ya bodi. Tarakilishi ya mezani inaweza kukiuliza kifaa kilichochomekwa jina na aina yake. Bodi pachikwa nyingi haziwezi. Kiini lazima kiambiwe mapema kwamba taa iko kwenye pini fulani, kitufe kiko kwenye nyingine, na hifadhi imegawanywa hivi na hivi. Zamani maelezo hayo yaliandikwa ndani ya msimbo wa kiini chenyewe. Utaratibu wa sasa ni kuyaandika katika faili ya pembeni iitwayo mti wa vifaa. Familia moja kubwa ya bodi zenye vichakato vya Atheros ilihamishwa kutoka utaratibu wa kale uitwao ar71xx hadi utaratibu mpya uitwao ath79, na ule wa kale ukaishia katika toleo la 19.07. Kila bodi ilihitaji mtu wa kuiandikia mti wake. Zisizoandikiwa zilibaki kituoni.

Kizuizi cha tatu ni mipangilio. Kuanzia toleo la 21.02, bodi nyingi zilibadilishiwa namna kiini kinavyotambua matundu ya waya ya ruta. Mipangilio iliyoandikwa kwa utaratibu wa kale haikueleweka tena. Kwa bodi hizo, mfumo hukataa kusasishwa huku mipangilio ikihifadhiwa, na humwonyesha mtumiaji onyo. Chini ya onyo hilo kuna nafasi ya kulazimisha. Mtu akilazimisha pasipo kuelewa, ruta huwaka ikiwa na kiini kipya na mipangilio ya kale, isijue tundu lipi ni la kuingilia na lipi ni la kutokea.

Fundi na paa la shule

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba shule moja kandokando ya Mtito Andei ina ruta iliyofungwa juu ya paa, inayotumia umeme wa jua na kupokea intaneti kutoka mnara ulioko mjini. Mwalimu anamwita fundi aisasishe. Fundi huyo anapaswa kufanya nini?

Kwanza, asome jina kamili la kifaa pamoja na namba ya toleo la maunzi iliyoandikwa chini yake. Vifaa viwili vyenye jina moja huweza kuwa na bodi tofauti kabisa ndani. Pili, aangalie kiasi cha hifadhi na kumbukumbu, kisha athibitishe kwamba toleo analolikusudia lingali linaihudumia bodi hiyo. Tatu, anakili mipangilio yote na kuiweka mbali na ruta. Nne, alinganishe alama ya uthibitisho ya faili aliyopakua na ile iliyotangazwa na mradi. Faili iliyokatika njiani ni hatari kuliko kutokuwa na faili. Tano, ahakikishe kwamba umeme hautakatika. Uandishi wa taswira mpya huchukua dakika chache, na umeme ukikatika katikati, kiini cha kale kimeshafutwa na kipya hakijakamilika. Kazi hiyo ifanywe betri ikiwa imejaa, tena asubuhi jua likiwa linapanda.

Mafundi wa lugha nyingi hukiita kifaa kilichokufa kwa namna hiyo tofali, kwa kuwa kimebaki na umbo na uzito tu. Inachekesha kidogo kwamba mwaka 2013 kikundi cha wabunifu wa Nairobi waliotoka katika Ushahidi waliipa ruta yao jina la BRCK, linalotamkwa kama neno la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo ya tofali. Hao walikusudia uimara: ruta yenye betri ya kuhimili saa 8 umeme unapopotea. Wazo lao linakubaliana na funzo la paa la shule, kwamba katika mazingira haya umeme ni sehemu ya maelezo ya kiufundi wala si jambo la pembeni.

Kifaa kikifa, si lazima kitupwe. Kabla ya kiini kuamshwa, bodi huendesha programu fupi ya kuwashia, ambayo kwa kawaida haiguswi na usasishaji. Programu hiyo mara nyingi inaweza kupokea taswira mpya kupitia waya wa mtandao. Ikishindikana, fundi hufungua kasha na kuunganisha nyaya tatu, ya kupeleka, ya kupokea na ya ardhini, kwenye pini za mawasiliano ya bodi, na kusoma maneno ambayo bodi inayatoa inapojaribu kuamka. Baadhi ya vifaa vina sehemu mbili za programu dhibiti: mpya ikishindwa, ya zamani huamka. Vifaa hivyo vimejengwa kama Mtito Andei yenyewe, ambako reli mpya ililazwa bila kuing'oa ya kale. Ruta ya megabaiti 4 haina anasa hiyo.

Sasisha, boresha, hamisha

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Neno sasisha limeundwa kutokana na sasa kwa kuongezewa kiambishi cha usababishi: kufanya kitu kiwe cha sasa. Ni istilahi nzuri, kwa kuwa inaeleza tendo bila kuahidi matokeo. Boresha ni neno jingine. Linatokana na bora, nalo linaahidi kwamba mwisho utakuwa mwema kuliko mwanzo. Katika mazungumzo ya mafundi na hata katika menyu za baadhi ya vifaa, maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kama ilivyoonyeshwa juu, ruta ya megabaiti 4 inaweza kusasishwa ikawa mbovu kuliko ilivyokuwa. Imekuwa ya sasa, haikuwa bora.

Kuna haja ya neno la tatu. Kusogea ndani ya toleo moja la kiini ni kusasisha. Kutoka familia ya ar71xx kwenda ath79, ambako maelezo ya bodi na mipangilio hubadilika, ni kuhamisha. Anayehama hufungasha, huchagua cha kubeba na cha kuacha, na hujua kwamba nyumba mpya ina milango mahali pengine. Fundi akiambiwa kwamba anahamisha, atachukua tahadhari ambazo hatachukua akiambiwa kwamba anasasisha.

Istilahi kiini nayo yafaa kutetewa. Wapo wanaopendelea moyo, na wapo wanaotaka punje kwa kufuata maana ya asili ya neno la Kiingereza. Moyo unapotosha, kwa kuwa moyo husukuma damu tu, ilhali kiini cha mfumo huamua, hugawa na huzuia. Punje inabaki na umbo la mbegu bila kazi yake. Kiini tayari kinatumika katika Kiswahili kwa maana ya sehemu ya ndani, kama kiini cha yai, na kwa maana ya asili ya jambo, kama kiini cha ugomvi. Maana zote mbili zinahitajika hapa. Kiraka nacho hakina mpinzani: kila aliyewahi kuvaa sare ya shule iliyotoboka anajua kwamba kiraka hubandikwa juu ya nguo fulani, na kwamba nguo ikibadilishwa kiraka hakitakaa palepale.

Kazi ya kutafsiri programu huria kwa Kiswahili si ngeni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kuonyesha kwamba menyu nzima za programu ya ofisi zinaweza kusomeka kwa Kiswahili. Lakini juhudi nyingi za aina hiyo ziliishia kwenye tabaka la nje, tabaka la abiria. Nyaraka za kiini cha Linux zimetafsiriwa, kwa viwango tofauti, kwa Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo. Onyo linalomtahadharisha fundi wa Mtito Andei kwamba mipangilio yake haitaeleweka na kiini kipya humfikia kwa Kiingereza, na kitufe kilichoko chini yake humfikia kwa Kiingereza pia. Lau kitufe hicho kingeandikwa Lazimisha, huenda mkono wake ungesita.

Hitimisho

Kusasisha kiini cha programu dhibiti huria ni kazi ya ulinganifu. Viraka vilingane na msimbo, moduli zilingane na kiini, kiini kilingane na nafasi, maelezo yalingane na bodi, na mipangilio ilingane na utaratibu mpya. Kimoja kikipishana, hata kwa kiasi kidogo kama zile milimita 435, safari haiendelei. Uhuria wa msimbo unampa mwenye kifaa haki ya kukitunza baada ya mtengenezaji kukiacha. Haki hiyo haina manufaa kwa asiyeweza kusoma maelekezo yake.

Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zinaweza kuchangia bila kusubiri wahandisi. Orodha fupi ya istilahi thelathini au arubaini, zenye ufafanuzi na mifano, ingetosha kuanzia: kiini, kiraka, moduli, programu ya kuwashia, mti wa vifaa, sasisha, hamisha, lazimisha. Orodha hiyo ijaribiwe na mafundi wenyewe, kwa namna ile ile ambayo kiini kipya hujaribiwa kwenye bodi kabla ya kukubaliwa. Istilahi itakayokataliwa na mafundi ifutwe, na itakayokaa ibaki.